Fundisha Mchezo Kwanza, Mkono Utafuata

Mwanzoni mwa mwaka 2024 mashindano ya ATP Challenger yalichezwa Rwanda kwa mara ya kwanza, kwenye viwanja vya udongo vya Kicukiro jijini Kigali, na mwaka uliofuata yakarudi. Tenisi ya kulipwa, ambayo wengi waliizoea kwenye televisheni tu, ikawa imefika nyumbani. Lakini kutoka Kigali hadi Rusizi, wilaya ambayo wengi bado huiita Cyangugu, ni zaidi ya kilomita 200 za barabara kupitia Huye na msitu wa Nyungwe, na huku kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu mpira unaotawala mazungumzo ni ule wa miguu wa klabu ya Espoir FC. Hamu ya tenisi ikifika huku haitakuta viwanja vingi wala makocha wengi. Itakuta walimu wa shule, wazazi, na vijana wachache wanaojua kushika raketi. Ndiyo maana swali la nini kifundishwe kwanza lina uzito wa pekee hapa. Penye makocha tele, kosa la mwanzo hurekebishwa baadaye. Mahali ambapo mtoto atapata pengine saa moja ya mafunzo kwa wiki, kosa la mwanzo humkatisha tamaa, naye huacha raketi asiishike tena.

Somo la tenisi kama lilivyozoeleka linafahamika. Watoto hupangwa mstari mmoja. Kocha huonyesha namna ya kushika raketi, namna ya kugeuza bega, namna ya kurudisha mkono nyuma na namna ya kumalizia mpigo juu ya bega la pili. Watoto huiga wakipiga hewa. Kisha kila mmoja hurushiwa mipira miwili mitatu, huipiga, hurudi nyuma ya mstari kungoja zamu. Miezi hupita hivyo, na siku wanapoambiwa wacheze wenyewe kwa wenyewe, mpira hauvuki wavu mara tatu. Wamefundishwa mipigo, hawakufundishwa mchezo. Hoja ya makala hii ni kwamba mpangilio huo umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Anayeanza afundishwe kwanza kucheza: mpira aupeleke wapi, kwa nini aupeleke huko, na akishaupiga asimame wapi. Ufundi wa mkono ufundishwe ndani ya maswali hayo, ukija kama jibu ambalo mtoto mwenyewe ameshaanza kulihitaji.

Tuanze na asili ya mchezo wenyewe. Mrusha tufe huchagua wakati wake na hurusha chombo kilekile kutoka mahali palepale. Mcheza tenisi, ukiondoa servisi, hapewi nafasi hiyo. Kila mpira unaomjia una kasi yake, kimo chake, mzunguko wake na mahali pake pa kudunda, na huyo aliyeupiga anataka kumsumbua. Mpira hugusana na nyuzi za raketi kwa takriban sehemu tano tu kati ya elfu moja za sekunde, muda ambao hakuna akili inayoweza kuamua jambo. Kila kilicho muhimu kimeshaamuliwa kabla: jicho limesoma mpira unakwenda wapi, miguu imeupeleka mwili huko, akili imechagua pa kuurudisha. Makocha hugawa mchezo huu katika hali tano: unapoanzisha kwa servisi, unapopokea servisi, nyote wawili mkiwa nyuma ya uwanja, wewe ukiusogelea wavu, na mpinzani akiwa wavuni. Mtoto aliyefundishwa umbo la mpigo peke yake hajui yuko katika hali ipi kati ya hizo, wala hajui kwamba kila moja inadai mpigo tofauti. Akipiga vizuri ni bahati, akipiga vibaya hajui sababu.

Mbinu ya kwanza kwa anayeanza ni rahisi kuieleza: mpira urudi ndani. Katika ngazi ya chini pointi nyingi sana huisha kwa kosa la mmoja, si kwa mpigo wa ustadi wa mwenzake. Mtoto anayeurudisha mpira mara moja zaidi ya mpinzani wake hushinda. Na hapo ndipo vipimo vya uwanja vinapogeuka kuwa mwalimu. Wavu wa tenisi una kimo cha sentimita 91.4 katikati, lakini kwenye nguzo unafika mita 1.07. Uwanja wa mchezaji mmoja mmoja una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 8.23, kwa hiyo mstari wa pembe hadi pembe unakaribia mita 25.15. Anayepiga mpira kimshazari anaupitisha mahali ambapo wavu ni mfupi kwa sentimita kama 15, na anapata karibu mita moja na nusu zaidi ya uwanja wa kuuangushia. Anayepiga sambamba na mstari wa pembeni anapoteza vyote viwili. Mweleze mtoto wa miaka kumi jambo hili, umpe kamba apime mwenyewe, naye ataelewa kwa nini wachezaji wakubwa huonekana wakipigiana kimshazari muda mrefu kabla mmoja hajathubutu kubadili njia.

Tazama sasa jinsi ufundi wa mkono unavyozaliwa kutokana na mbinu hiyo. Ukitaka mpira uvuke wavu kwa usalama, uupitishe juu yake kwa nafasi ya mita moja hivi, wala usiupitishe ukiparuza. Ili upande, raketi lazima ianze chini ya mpira na imalizie juu. Mtoto akilenga kupitisha mpira juu ya kamba ya pili iliyofungwa juu ya wavu, mkono wake utaanza chini na kumalizia juu bila kocha kulitaja bega. Vivyo hivyo, ukitaka mpira uende kimshazari ni lazima uukute mbele ya mwili, kabla haujakupita ubavuni. Ukitaka udondoke ndani baada ya kupanda, nyuzi ziusugue kutoka chini kwenda juu ili uzunguke kwenda mbele na kushuka haraka. Mambo ambayo kocha wa mstari mmoja huyataja kama amri zisizo na sababu, hapa kila moja lina sababu yake, na sababu ndiyo inayokaa kichwani.

Vivyo hivyo kwa miguu. Wengi wanaoanza huambiwa kila baada ya mpigo warudi katikati ya mstari wa nyuma. Agizo hilo lina ukweli nusu. Mahali sahihi pa kusimama ni katikati ya pembe ya mipira yote ambayo mpinzani anaweza kuirudisha, na pembe hiyo huhama kulingana na mahali ulipompelekea mpira. Ukipiga kimshazari, mahali hapo panasogea upande wako, kwa hiyo unatembea hatua chache tu. Ukipiga sambamba na mstari wa pembeni, mahali hapo panahamia ng'ambo ya katikati, na ni lazima ukimbie. Mtoto aliyeelewa hili hachoki ovyo, na anaona mwenyewe faida ya kile kiruko kidogo cha miguu miwili ambacho wachezaji hukifanya wakati mpinzani anapopiga. Anakifanya kwa sababu anangoja habari ambayo bado hajaipata: mpira utakwenda kulia au kushoto?

Rusizi ina sababu nyingine ya kuanza na kuelewa, nayo iko hewani. Uso wa Ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kamembe umekaa juu zaidi ya hapo. Katika mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ufukweni Mombasa au Dar es Salaam. Hewa nyepesi haiuzuii mpira sana, kwa hiyo mpigo ambao pwani ungedondoka ndani, Kamembe unaweza kutoka nje. Tena, kwa kuwa mgandamizo wa hewa ya nje umepungua, mpira wenye hewa iliyoshindiliwa ndani unakuwa mgumu na kudunda juu zaidi. Kanuni za Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, zinalitambua jambo hili: kwa mahali palipo juu ya mita 1,219 zinaruhusu mipira maalumu. Ukiuangusha mpira wa kawaida kutoka sentimita 254 unatakiwa kudunda kati ya sentimita 135 na 147. Ule wa nyanda za juu, kati ya 122 na 135. Jambo la ajabu ni kwamba mpaka huo wa mita 1,219 unapita ndani ya wilaya hii hii. Shuka kutoka Kamembe hadi Bugarama kwenye mashamba ya mpunga, karibu na mahali pa chini kuliko pote Rwanda, na utakuwa umeshuka chini yake. Mtoto aliyekariri mpigo mmoja mjini Kamembe atashangaa Bugarama mpira wake ukiangukia wavuni. Aliyefundishwa kuuliza mpira unafanya nini atafupisha au kurefusha mwendo wa raketi, atalenga mbali zaidi na mstari au karibu nao zaidi, na mchezo utaendelea.

Vipimo hivyo vya mdundo vinaonyesha pia kwa nini uwanja mkubwa na mpira wa kawaida wa njano havimfai mtoto. Mtoto wa miaka saba ana kimo cha takriban sentimita 120. Mpira ulioangushwa tu kutoka mita mbili na nusu unadunda juu ya kichwa chake. Akilazimishwa kuupiga, ataushika mpini kwa namna ya ajabu ili aufikie juu ya bega, na atarudi nyuma hadi kwenye ua. ITF ilianza mwaka 2007 kampeni ya kuwaingiza watu kwenye tenisi kupitia mipira ya polepole, na kuanzia mwaka 2012 ikabadili kanuni: mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini hayaruhusiwi kuchezwa kwa mpira wa kawaida wa njano. Ngazi ni tatu. Mpira mwekundu, wa polepole kwa takriban asilimia 75, huchezewa kwenye uwanja wa mita 11 hivi kwa 6 wenye wavu wa sentimita 80. Wa rangi ya chungwa, wa polepole kwa nusu, huchezewa kwenye uwanja wa mita 18. Wa kijani, wa polepole kwa robo, huchezewa kwenye uwanja mzima. Lengo la ngazi hizi ni kumwezesha mtoto kucheza mchezo kamili, wenye servisi, kupokezana na pointi, tangu siku ya kwanza.

Ushahidi wa utafiti unaelekea upande huo huo. Mwaka 2010 Damian Farrow na Machar Reid walichapisha utafiti uliofanywa Australia kwa watoto wa takriban miaka minane waliokuwa wakianza tenisi, kwa muda wa wiki tano. Waliofunzwa kwenye uwanja mkubwa kwa mpira wa kawaida walipata nafasi chache za kupiga mpira, na maendeleo yao yakawa duni. Mwaka 2014 Tim Buszard na wenzake walionyesha kwamba mtoto akipewa raketi ndogo na mpira wa polepole unaodunda chini, anapiga vizuri zaidi, tena kwa umbo bora: anaukuta mpira mbele na kando ya mwili, na raketi yake inatoka chini kwenda juu. Zingatia maana ya matokeo hayo. Umbo zuri lilitokea kwa kubadili vifaa, na maneno ya kocha hayakuhitajika kulileta. Kabla ya hapo, mwaka 1982, David Bunker na Rod Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walikuwa wameandika kwamba shule zinazalisha vijana wanaojua vipande vya ufundi ila hawajui kuamua uwanjani. Walipendekeza mwanafunzi aanze na mchezo uliorahisishwa, aelewe tatizo lake, ndipo ufundi uje kulitatua.

Kwa vitendo, somo la saa moja katika uwanja wa shule linaweza kwenda hivi. Kamba inafungwa kwenye vijiti viwili, sentimita 80 kutoka ardhini, na mistari inachorwa kwa chokaa au kwa kijiti. Watoto wawili wawili wanaanza kwa kushirikiana: mpira uvuke mara kumi bila kupotea. Utapotea, na mwalimu anauliza umepotelea wapi. Wengi watasema wavuni. Anawauliza wafanye nini ili uvuke, na anawaacha wajaribu kabla ya kuwaonyesha. Kisha mchezo unageuzwa kuwa wa ushindani, lakini kwa kanuni inayofundisha: pointi mbili kwa anayeshinda baada ya kumsogeza mwenzake kutoka upande mmoja hadi mwingine, au sehemu ya mbele ya uwanja inafungwa ili kila mpira ulazimike kwenda mbali. Katikati ya michezo hiyo mwalimu anamchukua mtoto mmoja mmoja kwa dakika chache na kumrekebisha mambo matatu tu. La kwanza ni mshiko, ambao kwa kuanzia uwe kama wa kupeana mkono na raketi. La pili ni mahali pa kuukuta mpira, mbele ya mwili, kwenye usawa wa kiuno. La tatu ni mizani: baada ya kupiga, mtoto aweze kusimama bila kupepesuka. Mengine yote yanaweza kungoja.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, linajulikana kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Ukimwacha mtoto acheze ovyo, mshiko mbaya utamkaukia mkononi na kuung'oa baadaye itakuwa kazi. Hofu hiyo ina msingi, kwani tabia ya mkono kweli huzoeleka. Lakini tujiulize tabia mbaya inatoka wapi. Mtoto hushika raketi kwa namna mbaya kwa sababu mpira umempita kichwa. Hupiga akirudi nyuma kwa sababu uwanja ni mrefu kuliko nguvu zake. Huburuta mkono kwa sababu raketi ni nzito. Ondoa sababu hizo, na sehemu kubwa ya tabia mbaya haitazaliwa. Aidha, njia inayotetewa hapa haimwachi mtoto peke yake. Mshiko unafundishwa siku ya kwanza na kurudiwa kila wiki. Tofauti ni kwamba anafundishwa mambo machache, kwa wakati anapoyahitaji, na mbele yake pakiwa na tatizo ambalo mambo hayo yanalitatua. Samaki anakunjwa angali mbichi, ila anakunjwa kufuata umbo la mchezo.

Pingamizi la pili linasema mabingwa hujengwa kwa kurudia, mipira maelfu kwa maelfu ya aina moja. Ni kweli kwamba hakuna aliyefika mbali bila kurudia. Swali ni kurudia nini. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan walilinganisha watu waliojifunza kazi za mikono kwa kurudia moja hadi mwisho kabla ya kuhamia nyingine, na watu waliozichanganya. Wa kwanza walionekana hodari wakati wa mazoezi. Walipopimwa tena, hata siku 10 baadaye, waliochanganya ndio waliokumbuka vizuri. Somo hilo linamhusu kila kocha anayefurahi kuona mtoto akipiga mipira ishirini inayofanana bila kukosea: uzuri wa mazoezi unaweza kuficha udhaifu wa kujifunza. Kanda yetu inatoa ushahidi pia kwamba kichwa hushinda pamoja na mkono. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya alikuwa msichana wa kwanza wa nchi hiyo kushinda mechi ya mmoja mmoja katika mashindano ya vijana ya Grand Slam, Australia, na Julai mwaka huo huo akatwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Tenisi ya wawili wawili, kuliko nyingine yoyote, ni mchezo wa kujua mahali pa kusimama, lini kusogea, na nani auchukue mpira wa katikati. Na kutoka Burundi, jirani wa chini ya bonde hili hili la mto Rusizi, Sada Nahimana amecheza mashindano ya vijana ya Grand Slam. Ukanda huu haukosi vipaji. Unachokosa ni watoto wengi wanaobaki kwenye mchezo muda wa kutosha hadi vipaji vyao vionekane.

Pingamizi la tatu linahusu servisi, na hapa wapinzani wana haki ya kupewa sehemu. Servisi ndiyo mpigo pekee ambao mchezaji huushika mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hauwezi kujitokeza wenyewe kutokana na kucheza tu. Unahitaji mshiko wake, kama wa kushika nyundo, urushaji wa mpira juu usioyumba, na mwendo wa bega na mkono unaofanana na wa kurusha jiwe mbali. Servisi basi ipewe dakika zake katika kila somo, ikifundishwa hatua kwa hatua. Hata hivyo mbinu haikai kando. Mtoto aanze karibu na wavu, arudi nyuma kidogo kidogo kila anapofaulu. Ajifunze kwanza ile servisi ya pili, ya uhakika, kabla ya ile ya nguvu, kwa kuwa kukosa mara mbili ni kumpa mpinzani pointi bure. Na anapoanza kucheza mechi bila kuwa nayo bado, aruhusiwe kuanzisha kwa mpigo wa chini. Asizuiliwe kucheza mchezo wote kwa sababu ya mpigo mmoja.

Pingamizi la nne ni la mwalimu wa shule, na ndilo linaloigusa Rusizi moja kwa moja: darasa lina watoto wengi, vifaa ni vichache, na mwalimu mwenyewe hakuwahi kuwa mchezaji. Ukilipima kwa makini, pingamizi hili linaipinga njia ya zamani zaidi ya hii mpya. Uwanja mzima wa tenisi huchezewa na watu wanne tu. Ukiugawa kwa upana wake unapata viwanja vinne vidogo, na watoto 16 wanacheza kwa wakati mmoja, wawili kwa wawili. Njia ya zamani inahitaji kocha anayeweza kuonyesha kila mpigo kwa ufasaha. Njia hii inahitaji mwalimu anayeweza kupanga mchezo, kutazama na kuuliza maswali mazuri, na walimu wa Rwanda si wageni wa kazi hiyo. Tangu mwaka 2016 shule za nchi zimekuwa zikifuata mtaala unaomtaka mwanafunzi aonyeshe umahiri kwa kutenda, wala si kukariri. Kuhusu mipira, mwinuko wetu unaleta nafuu. Mpira wa njano uliokwisha pumzi, ambao mchezaji mkubwa huutupa, hudunda chini na polepole, na kwa mtoto wa Kamembe unafaa kuliko ulio mpya. Hauchukui nafasi ya mpira mwekundu kwa mtoto mdogo kabisa, lakini kwa wa miaka kumi na kuendelea ni mwanzo unaofaa. Ardhi ya vilima haina tambarare nyingi, na uwanja wa mita 11 hupatikana mahali ambapo wa mita 23 hauwezi kuchimbwa.

Wapo pia watakaosema kwamba mzazi akikuta watoto wanacheka na kuhesabu pointi atadhani hawafundishwi. Lakini mpira wa miguu umeshatujibu. Hakuna aliyewapanga mstari watoto wa vilima hivi na kuwafundisha umbo la teke kabla ya kuwaruhusu kucheza. Waliviringisha mpira wa majani makavu ya mgomba, wakaweka mawe mawili ya goli, wakacheza, na katika kucheza wakajifunza kuficha mpira, kupiga pasi na kukimbilia nafasi wazi. Kocha alipowakuta baadaye alikuwa na kitu cha kurekebisha. Tenisi imekosa hatua hiyo ya mwanzo kwa sababu iliingia kupitia klabu za wenye uwezo, ambako mtoto alikutana na kocha kabla ya kukutana na mchezo. Hakuna sababu ya kuuendeleza utaratibu huo mahali ambapo klabu zenyewe ni chache.

Kwa hiyo wito ni kwa kila mmoja mahali alipo. Mwalimu, usingoje uwanja wa kisasa: funga kamba yako kwenye kimo cha sentimita 80, chora mistari, na waache watoto wacheze ndani ya dakika kumi za kwanza. Kocha, hesabu ni mara ngapi kila mtoto amegusa mpira kwa saa moja na ni maswali mangapi umemuuliza. Idadi hizo mbili zitakuambia kama umefundisha. Mzazi, mtoto akirudi nyumbani usimwulize kama mkono wake umenyooka, mwulize alimshindaje mwenzake au alishindwa kwa nini. Na wanaosimamia michezo wilayani, kabla ya kufikiria uwanja mmoja mkubwa wa gharama, fikirini viwanja vidogo ishirini katika shule ishirini, pamoja na mipira ya polepole na semina fupi kwa walimu. Mtoto anayejua kwa nini anapiga atajifunza namna ya kupiga.